Mfuko wa Mashine ya Usingizi

Yaliyompata Rahabu, rafiki wa dada yangu, yalianzia kwenye sweta. Kazi yake ni kuwapa dawa ya usingizi wagonjwa wa upasuaji, katika hospitali moja huko milimani juu ya Soni. Mashine ya usingizi huvuja gesi, na kila jioni kichwa humuuma, lakini akigusa dirisha daktari humkataza: "Funga, Rahabu, baridi itamuua mgonjwa."

Siku hiyo usiku alirudi chumba cha upasuaji kufuata sweta alilosahau. Umeme ulikuwa umekatika. Mlango ukajifunga nyuma yake, kitasa kikagoma. Gizani akasikia mfuko wa mashine, ule unaonywea kila mgonjwa akivuta hewa, ukijaa na kunywea, taratibu, kama mtu aliyelala.

"Nani yupo?"

Akapapasa kitandani. Kitupu. Akabana pumzi asikilize, na mfuko ukanyamaza. Alipozidiwa akavuta hewa, mfuko ukanywea.