Shoka la Baba Ciku

Rafiki yangu Muturi alitoka zamu ya usiku kiwandani Ruiru na bila kulala akaenda matangani Witeithie, kwa jirani yake Baba Ciku, aliyekufa kwa kifua. Jioni akapewa kazi ya kupasua kuni za kupikia waombolezaji. Akachagua shoka lenye mpini uliolainika kwa kushikwa, akalinoa kwa tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Giza likaingia. Akaliegemeza kwenye gogo, akaenda jikoni kuomba chai.

Huko nje kukaanza kusikika: twaa, kikohozi, twaa, kikohozi.

Mjane akaweka birika chini polepole. “Muturi, umemwachia nani shoka ya mzee wangu?”

Walipotoka na tochi hapakuwa na mtu. Gogo lote lilikuwa limepasuliwa, na mpini umelowa jasho mahali pa mikono miwili.