Baba Nakhumicha Mwenyewe

Absalom hutoka nyumbani Kamukuywa kabla jua halijachomoza. Anafanya kazi Kitale, katika kampuni ya kupakia mbegu za mahindi. Mkewe Agneta naye huelekea Bungoma, ambako anauza katika duka la vitambaa. Wakirudi jioni, binti yao Nakhumicha ameshafua soksi zake na kuanza kazi ya shule. Yuko Gredi ya Tatu, na ana maswali mengi kuliko polisi.

Shuleni kwao, wazazi huitwa mara moja kila muhula kufanya kazi. Muhula huu ni kufyeka, muhula ule ni kupaka darasa rangi. Absalom hakuwahi kukanyaga huko. Si mvivu, tusimwonee. Siku hizo huwa za kazi, na yeye yuko Kitale. Basi alikuwa akimtuma Kizito, jirani anayefanya vibarua. Kizito alifika, akachapa kazi, akaitika jina la "Baba Nakhumicha" lilipoitwa, na kila mtu akaridhika. Angalau hivyo ndivyo Absalom alivyodhani.

Jumapili moja walipotoka kanisani walikutana na Mwalimu Mary Ann, anayefundisha darasa la Nakhumicha. Alimsalimu Agneta, kisha akamtazama Absalom.

"Na huyu ni mjomba wa mtoto?"

"Huyu ni babake, Mwalimu."

"Woi, pole sana! Si Baba Nakhumicha ni yule mwembamba wa kofia nyekundu, mwenye mzaha mwingi?"

Alikuwa akimsema Kizito. Absalom alicheka kwa sababu wengine walicheka, lakini moyoni aliona aibu.

Nyumbani alimwita binti yake.

"Mbona hukumwambia mwalimu Kizito si baba yako?"

"Niliwaambia watoto mara ya kwanza. Wakasema ati nionyeshe baba yangu mwenyewe. Nikanyamaza tu."

Chai ya siku hiyo Absalom hakuimaliza. "Maneno yale yaliniuma," alimwambia Agneta baadaye, "yaliniuma kabisa."

Nakhumicha alitoa barua kwenye mkoba. Wazazi waliitwa Alhamisi, si ya wiki hiyo bali ya iliyofuata, kuchimba mfereji, maana mvua ikinyesha maji huingia Gredi ya Tatu na watoto huinua miguu kwenye madawati.

"Umwambie Kizito," mtoto alisema, bila kumwangalia.

Jumatatu Absalom aliingia katika ofisi ya Kemboi, anayeshughulikia mambo ya wafanyakazi. Alivua kofia na kukunja uso.

"Bwana Kemboi, naomba ruhusa Alhamisi ya wiki ijayo. Tunazika mjomba."

"Pole sana. Mjomba yupi?"

"Yule wa Bokoli."

Kemboi aliweka kalamu chini polepole. "Absalom, si mjomba wa Bokoli tulimchangia Februari? Mimi mwenyewe nilikuja matanga."

Absalom alitamani ardhi ipasuke. Februari mjomba alikufa kweli. Sasa hakuwa na mjomba mwingine aliyebaki, hata wa kusingizia.

"Nisamehe. Ukweli ni kazi ya shule ya mtoto."

"Sasa bana, mbona unaua mtu mara mbili na siku zako ziko?" Kemboi alicheka, akamwelekeza kiti. "Kampuni inakupa siku mbili kila mwaka za kujitolea. Unaenda kusaidia jamii, na mshahara haukatwi. Hazitolewi kwenye likizo yako pia."

"Nilijua hizo ni za watu wa ofisi. Na kule stoo wanasema ukijaza ile fomu, unaonyesha kazi huihitaji. Ikipungua, wewe ndiye wa kwanza kufutwa."

"Nani amefutwa kwa hiyo fomu?"

Absalom alifikiri. Hakumpata hata mmoja. Hakumpata kwa sababu hakuna aliyewahi kuijaza.

"Iko kwenye mkataba uliotia sahihi," Kemboi alisema. "Ukurasa wa nne. Ulisoma?"

"Nilitafuta tu mahali pa sahihi."

Kemboi alimweleza taratibu. Ombi linaandikwa wiki moja kabla, ili kazi ipangwe vizuri. Barua ya shule inaambatishwa. Ukirudi, unaleta fomu imetiwa sahihi na mwalimu. "Na isiwe kupalilia shamba lako. Ni shule, hospitali, kusafisha soko, kazi inayosaidia watu. Halafu ujue, sheria hailazimishi kampuni kutoa siku hizi. Kwingine hazipo. Ndiyo maana mtu anasoma mkataba wake, na anauliza."

Absalom alijaza fomu hapo hapo.

Agneta aliposikia, naye alimuuliza mwenye duka, Wanyoike. Wanyoike hakuwa amesikia jambo hilo tangu azaliwe. Hata hivyo alimruhusu kufika dukani saa saba mchana Alhamisi ile, bila kumkata chochote.

Siku ilipofika, Absalom alivaa gambuti na kubeba jembe. Wazazi walikusanyika mbele ya darasa, na Mwalimu Mary Ann akaanza kusoma orodha.

"Baba Nakhumicha!"

"Niko!"

Aliyeitika ni Kizito. Safari hii hakutumwa na mtu. Alikuwa amezoea, akaona tu aje kuwasaidia, na mdomo ukaitika wenyewe. Uwanja mzima ukacheka.

Nakhumicha alitoka darasani mbio bila ruhusa. Alimshika Absalom mkono akamvuta mbele.

"Si huyo, Mwalimu! Huyo ni Kizito. Baba yangu ndiye huyu!"

Absalom alitia jembe begani. Alienda akachimba, na Kizito akamfuata na wilibaro, huku Agneta akisomba mawe pamoja na akina mama wengine.

Mwisho wa mwezi mshahara wa Absalom ulikuja kamili. Aliwaonyesha wenzake wa stoo. Wiki hiyo Kemboi alipokea fomu sita.

Mvua kubwa ilinyesha Jumanne moja mchana. Maji yalifuata mfereji na kuupita mlango wa Gredi ya Tatu. Watoto walijaa dirishani kutazama, miguu yao mikavu.

"Kutoka hapa mpaka kwenye ule mti," Nakhumicha aliwaambia, "alichimba baba yangu mwenyewe."