Ufunguo wa Kabatesi

Haya yalimkuta rafiki yangu Gakwaya, fundi wa mitandao wa kampuni moja hapa Gisenyi, na ndiye aliyenisimulia.

Mwenzake Kabatesi, wa tawi la kampuni hiyo huko Mudende, aliitwa na bosi ashuke mjini kwa pikipiki, mvua ikinyesha. Lori likamgonga, likaiponda na kompyuta yake. Walipotoka kumzika kwenye makaburi ya Nyundo, bosi akamvuta Gakwaya pembeni.

"Bon, we futa funguo ya ule mutu leo. Sitaki mutu aingie mu mutandao yetu na jina yake."

Gakwaya alimeza hasira. Ufunguo wa siri wa kila kompyuta aliutengenezea ndani ya kompyuta hiyohiyo, wala hakuwahi kuunakili popote. Wa Kabatesi ulikuwa umepondwa naye; kwenye seva ulibaki pacha wake wa wazi tu, wa kumtambulia, usioweza kumwingiza mtu. Nani angeingia?

Mchana huo alijifungia katika chumba cha seva kisicho na dirisha, mabaki ya kompyuta ya Kabatesi yakiwa mezani. Kompyuta ya kila tawi hutuma salamu kila dakika mbili, na seva hutoa mlio wa tawi hilo. Mlio wa Mudende ukasikika. Orodha ya salamu kwenye skrini ikaonyesha: Kabatesi, sekunde tatu zilizopita.

Akaufuta ule ufunguo wa wazi. Dakika mbili baadaye mlio ukarudi.

"Kabatesi," alinong'ona, "mi nilijua mvua iko inanyesha bosi akikuita, na nikanyamaza."

Umeme ukakatika. Betri ya seva bosi alikataa kuinunua, kwa hiyo feni zikapunguza mwendo, zikanyamaza, taa zote zikazimika. Gakwaya akahesabu dakika mbili gizani.

Mlio wa Mudende ukalia, safari hii kutoka mezani.