Kikapu Badala ya Bakuli

Gari la Siliguri lilikuwa limeshaondoka. Lilikuwa limekata kona ya kwanza, na Tilak Pradhan alikuwa bado ametoa mkono dirishani, anapunga. Anupa, mkewe, alisimama kando ya barabara na mtoto wao mgongoni. Honi ilisikika kwenye kona ya pili, ikasikika kwenye ya tatu, halafu bonde likaimeza.

Tilak alikuwa anakwenda Goa, pwani ya mbali ya India, kupika hotelini. Kabla ya kupanda gari alisema maneno machache, na hayo ndiyo Anupa aliyopanda nayo ngazi za kurudi nyumbani.

"Sikukuu ya Dasain nitakuja," alisema. "Kama hapa bado hakuna kitu, tutaondoka wote wawili. Kule wanatafuta wanawake wa kufua na kupiga pasi. Asmi atabaki na mama."

Asmi ndiye huyo aliyekuwa mgongoni. Alikuwa na miaka minne. Anupa hakubishana na mumewe mbele ya abiria. Lakini kila ngazi aliyopanda alijiambia kwamba mtoto huyu hamwachi.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko, katika mji wa milimani wa Kalimpong, na baraza lake lilijaa vyungu vya mimea kama mabaraza mengine yote ya mji ule. Mama mkwe wake, Harimaya, aliamka kabla ya watu wote. Akishaoga, alichukua kibuyu cha shaba, akaumwagia maji mrehani wa ibada huku akisali. Kisha alizunguka baraza zima akikipa kila chungu maji kidogo. Alisema si haki kumnywesha mmoja na kumpita mwenzake.

Katika vyungu hivyo mlikuwa na vile Anupa alivyopewa na mama yake siku alipoolewa. Ilikuwa mimea minono: ile yenye majani manene yaliyojaa maji, jamaa za mshubiri na kaktasi. Mingine ilikaa kama waridi la kijani. Mingine ilining'inia kama shanga. Wageni waliopita njiani walisimama kuipiga picha, na huko ndiko wazo lilikotoka. Anupa alinunua mabakuli ya udongo yenye rangi nzuri, akayajaza udongo mweusi wa msituni. Katika kila bakuli alipanda mmea mrefu nyuma, mmoja mpana katikati, na wa kuning'inia ukingoni. Alikuwa na jicho la kupanga. Bakuli likimalizika, mtu aliona kama bustani nzima imekaa mezani.

Bi Kanta, mwenye duka la zawadi sokoni, aliyachukua yote na kutaka mengine. Watu waliokwenda arusini na kwenye nyumba mpya waliyanunua. Anupa alimpigia simu mumewe akamwambia mambo yameanza kukaa vizuri. Tilak alisema wangoje kwanza waone mvua.

Mvua ilipoingia, Bi Kanta alimwita dukani. Juu ya meza ya duka kulikuwa na bakuli moja.

"Anupa, mimi na wewe tunaheshimiana," alisema. "Kwa hiyo sitasema kitu. Nusa tu."

Anupa aliinama akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Majani yalikuwa yamelainika kama ndizi zilizochemshwa.

"Bibi harusi anasema zawadi imeoza kabla hata hina haijamtoka mikononi. Na mama mkwe wake anasemaje, unajua?"

Anupa alijua: zawadi ya arusi ikioza, huo ni mkosi.

Bi Kanta alimweleza kwamba hilo halikuwa bakuli la kwanza kurudi. Asingepokea mengine mpaka ajue kilichoyaoza. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu mvua inaingia.

Nyumbani Anupa alitazama mabakuli yaliyobaki. Majani yalikuwa yanadondoka, naye akadhani mimea ina kiu. Akaongeza maji. Asubuhi Harimaya, kwa huruma, akaongeza yake. Baada ya siku chache hapakuwa na mmea uliosimama wima.

Harufu ndiyo iliyomleta Nimkit Lepcha. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya chini, mwanamke mwenye mdomo mrefu na kicheko kirefu zaidi, aliyekuza kaktasi na kuwauzia wageni tangu Anupa hajaolewa. Hakubisha hodi. Alifika barazani, akashika mmea mmoja akaung'oa. Mizizi ilikuwa myeusi, ikakatika mikononi mwake kama tambi.

"Umewaua kwa huruma," alisema. "Hawa wamekufa maji. Hawakufa kiu."

"Lakini majani yalikuwa yanadondoka, dada."

"Jani la kiu hukunjamana, kama uso wangu huu. Jani lililozidiwa na maji huwa laini, linang'aa kama limechemshwa. Bonyeza uone tofauti." Alimpa jani alibonyeze. "Sasa tazama, limenenepa hivi kwa nini? Huyu jamaa zake wametoka kwenye nchi kavu. Amebeba mtungi wake mwenyewe, halafu wewe unamkimbilia na ndoo."

Kisha akageuza bakuli juu chini, akapapasa kitako chake. Hakukuwa na tundu hata moja. Akauliza maji yatokee wapi, kwa juu?

Anupa alisema aliweka kokoto chini ili maji yashukie huko. Nimkit alitikisa kichwa. Alisema watu wengi hufanya hivyo na wote hudanganyika. Maji hukaa palepale kwenye kokoto, udongo wa juu hauachi kuwa tope, na mizizi hulala ndani ya kidimbwi. Dawa ni tundu. Anupa aliingia ndani akatoka na msumari na nyundo.

Hapo ndipo Harimaya alipotoka jikoni.

"Weka msumari chini, mwanangu," alisema.

Aliyasema taratibu, lakini Anupa aliuweka. Harimaya akaeleza bila kumtazama Nimkit. Kwao, chungu kinachotobolewa ni kile kinachozungushwa kwenye moto wa maiti, maji yakimwagika kidogo kidogo kwa lile tundu. Chungu cha namna hiyo hakikai ndani ya nyumba ya watu walio hai. Sembuse kumpelekea bibi harusi.

"Dada, mimea haijui mila," Nimkit alisema.

"Mimea haijui. Mnunuzi anajua."

Nimkit alikubali kwamba hilo ni kweli. Ilikuwa nadra kuona jambo hilo. Wageni wake waliotoka mbali hawakujali tundu, lakini wateja wa Bi Kanta walikuwa watu wa aina ya Harimaya. Kabla ya kulipa wangegeuza bakuli, na wakiona tundu wangelirudisha pale pale lilipokuwa.

Basi mambo yakakwama. Bila tundu, mimea inaoza. Bakuli lenye tundu, hakuna anayelitaka. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na Anupa alianza kumfundisha Asmi kufunga viatu vyake mwenyewe na kujichana nywele. Harimaya alimwona. Alijua ni maandalizi ya Goa.

Wiki hiyo mpwa wake Harimaya alikuwa na sherehe ya kumlisha mtoto wali wa kwanza, na Harimaya alikuwa anapanga zawadi za kupeleka. Alitandika kitambaa chekundu ndani ya kikapu cha mianzi, akaanza kuweka ndizi, peremende, na nguo za mtoto. Katikati ya kazi alisimama. Akazitoa ndizi, akazitoa nguo. Akakiinua kikapu kitupu akakitazamisha kwenye mwanga wa mlango.

"Mke wa Tilak," aliita. "Njoo hapa. Hiki nani alikitoboa?"

Anupa alikiangalia. Mwanga ulipenya kila mahali.

"Hakuna aliyekitoboa, Mama. Kimefumwa hivyo."

"Na arusini tunapelekea zawadi ndani ya nini?"

Anupa alikuwa ameshashika ngazi kwenda kumwita Nimkit.

Nimkit alipooneshwa, alikasirika kwanza. Alisema babu yake alifuma vikapu maisha yake yote, yeye mwenyewe amekaa na vikapu tangu azaliwe, na jambo hilo limemngoja mwanamke wa Kipradhan anayepanga ndizi. Harimaya alisema kila mtu ana fungu lake la akili. Wote wakacheka, na kazi ikaanza.

Walinunua vikapu vidogo kwa mfumaji. Kwanza wakavitundika juu ya jiko la kuni vipate moshi, maana mianzi iliyopata moshi hailiwi na wadudu upesi wala haiozi haraka. Ndani ya kila kikapu walitandika kipande cha gunia, ili udongo usivuje huku maji yakipita. Udongo mweusi wa msituni Nimkit aliukataa ukiwa peke yake. Alisema huo ni wa maua mengine, unashika maji kama sifongo. Walichanganya: udongo kidogo, mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, kokoto ndogo ndogo, na vipande vya mkaa. Anupa alifundishwa kuupima. Ukamate ukiwa na unyevu, uufinye, kisha ufungue mkono. Ukibaki donge, ongeza mchanga. Ukisambaratika, huo ndio wenyewe.

Mimea yote ilikuwa imeoza mizizi, lakini si yote iliyokufa. Walikata vichwa vilivyokuwa bado vizima. Anupa alitaka kuvipanda palepale, Nimkit akamshika mkono. Kidonda kibichi kikiingia udongoni kinaoza. Waliviacha kivulini mpaka pale vilipokatwa pakauke na kufunga kama kovu. Majani mazima yaliyodondoka waliyalaza juu ya mchanganyiko mkavu bila kuyafukia. Baada ya majuma kadhaa kila jani lilitoa mizizi kama nywele, na pembeni yake kikatokea kimmea kidogo kama kifungo cha shati.

Juu ya vikapu walifunga karatasi ya nailoni, mwanga upite na mvua isipite, pande zikaachwa wazi kwa ajili ya upepo. Mmea uliowekwa gizani ndani ya nyumba, Nimkit alisema, hurefuka shingo ukitafuta jua na kupoteza umbo. Na wale wadudu weupe wanaofanana na pamba, ukiwaona kwenye kwapa za majani, watoe mapema kwa kitambaa chenye spiriti, na mmea huo uutenge na wenzake.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, nalo ni kibuyu cha shaba. Harimaya alisema hawezi kupita mbele ya mmea asubuhi bila kuupa maji. Ataonekanaje mbele ya Mungu?

"Dada," Nimkit alimuuliza, "mtu ameshiba, nawe unamlazimisha kunywa mpaka apasuke. Hiyo nayo ni thawabu?"

Ndipo Anupa aliposema jambo ambalo hakulipanga. Alimwomba mama mkwe wake awe ndiye mwenye kazi ya maji. Kila asubuhi atie kidole udongoni mpaka kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, apite. Kukiwa kukavu kabisa, amwagie mpaka maji yatoke chini ya kikapu, halafu auache mmea mpaka ukauke tena. Asirashie majani. Siku za baridi apunguze zaidi. Kuanzia hapo hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kugusa vikapu vile bila idhini ya Harimaya, hata Nimkit.

Vikapu vya kwanza vilipokomaa, Anupa hakuviuza. Aliviacha mpaka mimea ishike mizizi, kiasi kwamba ukiivuta taratibu haitoki. Halafu alimpelekea Bi Kanta kimoja tu, akamwomba akiweke nyumbani kwake, karibu na dirisha, na sahani chini ya kikapu, na amwage maji yatakayokusanyika humo. Asikiuze mpaka mvua iishe.

"Na nikikisahau?" Bi Kanta aliuliza.

"Kisahau, Bi Kanta. Hicho ndicho kinachotakiwa."

Mvua ilipokatika, Bi Kanta alikuja mwenyewe mpaka barazani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kikapu chake kimetoa maua. Akachagua vyote vilivyokuwa tayari kwa ajili ya sikukuu, akasema msimu wa arusi ukianza atataka tena. Anupa alimwambia sharti moja: kila mnunuzi aambiwe habari ya kidole kabla hajatoka dukani. Bi Kanta akajifunza kuieleza vizuri kuliko Anupa mwenyewe.

Tilak alifika siku mbili kabla ya Dasain. Alikuta njia ya kuingilia imezibwa na vikapu, na mama yake ametia kidole kwenye kimoja, ameinamisha kichwa kama daktari. Alisalimia, akala, akasema maua hayajawahi kushibisha mtu. Kesho yake Anupa alimtwisha vikapu akaenda naye sokoni. Tilak alisimama pembeni ya duka akaangalia watu wanavyochukua. Aliona mwanamke mmoja mzee akigeuza kikapu, akikitazama chini, kisha akilipa.

Njiani kurudi, Anupa alisema, "Mimi siendi Goa."

"Nimeona," Tilak alisema.

Tilak alirudi hotelini peke yake kwa msimu mmoja zaidi, kwa sababu biashara ya mwaka wa kwanza haikutosha kuendesha nyumba. Baadaye alipata kazi ya kupika Kalimpong, na siku ya mapumziko hufunga nailoni na kubeba mchanga. Bi Kanta alifungua duka la pili. Nimkit anauza kaktasi zake ndani ya vikapu na kuwaambia wageni kwamba wazo ni lake. Harimaya aliumwa goti, sasa anapima udongo akiwa amekaa kwenye kiti. Mfumaji wa vikapu ameajiri wanawe wawili. Anupa amefundisha wanawake watatu wa mtaa ule, na mmoja wao humwibia wateja. Asmi yuko darasa la tatu. Anasema mimea haimvutii, anataka kuwa dereva.