Nani Amekupigia Pindo?

Jumamosi moja ya mwaka 1996, soko la mitumba la Gikomba, Nairobi, limefurika watu, mikono miwili iliishika suruali moja.

"Niachie, kaka."

"Niachie wewe, dada. Mimi ndiye wa kuivaa."

"Hii? Na wenzako wote wanafagia barabara kwa majinzi yanayoburuta?"

Aliyeuliza alikuwa Nabalayo, fundi wa cherehani kutoka Kayole, gauni la maua, futi ya kupimia shingoni hata sokoni. Kaka mwenyewe aliitwa Kweyu, karani wa reli, mrefu, mwenye haya. Suruali ilikuwa ya sufu ya kijivu, mtindo wa zamani: kiuno cha juu, marinda mawili kila upande, miguu mipana, pindo limekunjwa nje.

"Baba alipigwa picha na kama hii siku aliyomwoa mama," Kweyu akasema.

Nabalayo akaiachia. "Basi sikiza. Hii haikai makalioni, inakaa kitovuni. Shati ndani. Mshipi tupa, tafuta mikanda ya mabegani. Na pindo liguse kiatu tu, lisikilalie. Lete nikurekebishie."

Akampelekea. Akampelekea na ya pili, na ya tatu, kisha akawa anakwenda Kayole bila nguo yoyote ya kushonwa. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Kweyu wangu, geuka nikuone."

"Nimegeuka mara tatu, mpenzi. Nasikia kizunguzungu."

"Geuka tena!"

Kila pindo alilompigia, Nabalayo alilifunga kwa ndani kwa kimsalaba cha uzi. Hakumwambia mtu. Alipenda tu kujua kwamba popote Kweyu anapotembea, anatembea na kazi ya mkono wake.

Sasa, wivu jamani haubishi hodi. Ijumaa asubuhi Kweyu aliiacha ile ya kijivu ipigwe pasi. "Naihitaji Jumapili. Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Utajua tu." Akaenda zake kazini, anatabasamu.

Nabalayo akaigeuza suruali. Mguu wa kushoto, msalaba hakuna! Mshono mwingine, safi, wa mtu anayeijua kazi. Na ndani ya pindo, vipande vya satini ya waridi. Satini ya waridi, kwenye suruali ya mwanamume!

Alikimbia kwenye kibanda cha simu, akatia sarafu.

"Kweyu, nani amekupigia pindo?"

"Pindo? Aa... nimejipigia mwenyewe, mpenzi."

"Wewe? Kifungo kikikatika unakuja mbio Kayole!"

"Subiri Jumapili, tafadhali..."

"Alikuinamia? Alikuwa na pini mdomoni kama mimi?"

Sarafu ikaisha. Roho ilimuuma Nabalayo akalia palepale. Kisha akarudi akachukua makasi, akaikata miguu yote miwili juu ya magoti. Jioni Kweyu alipopitia, akatupiwa kifurushi kifuani. "Mpelekee huyo wa waridi akuunganishie!"

Jumamosi hakuonekana. Jumapili baada ya kanisa Nabalayo alifululiza mpaka mtaa wa Huruma, maana fundi pekee aliyeshona satini kama ile alimjua kwa sifa: Waruguru. Matusi alikuwa ameyapanga njia nzima. Mlango ukafunguliwa na mama wa makamo, akamtazama juu chini, akaangua kicheko.

"Ni wewe! Simama nione mabega."

"Unanijua?"

"Kiuno chako ninakijua. Kweyu hakuwa na vipimo. Akaniambia, 'Mama, mikono yangu inamzunguka hivi.' Akaikumbatia hewa, nami nikaipima mikono yake! Pindo lake likanasa kwenye pedali ya cherehani, likachanika. Nikalifunga kwa vipande vya satini hii hii." Akatoa gauni la satini ya waridi. "Alikuwa alichukue jana. Hakutokea. Kwani si leo anakuja kukuposa?"

Hakutokea! Basi amekata tamaa, na aliyemkatisha ni yeye na makasi yake. Nabalayo akalikumbatia gauni, akarudi kwao akilia waziwazi.

Sebuleni wajomba wawili wa Kweyu, wenye suti, walikuwa wanatazama sakafu. Baba yake Nabalayo alikuwa anaisoma kalenda ukutani. Mama alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Katikati alisimama Kweyu: shati jeupe ndani, mikanda mabegani, marinda yamenyooka, magoti wazi, nyuzi zinaning'inia.

"Kwa nini umeivaa?" Nabalayo akanong'ona.

"Niliapa moyoni nitakuja kuposa na suruali ya mkono wako. Na hii bado ni ya mkono wako. Jana nilishinda Gikomba natafuta soksi ndefu."

Baba akakohoa. "Nabalayo, kijana anadai kaptula hii ulimshonea wewe, kwamba ndio mtindo. Ni kweli?"

Angeweza kuitikia tu, yakaisha. "Hapana, baba. Ilikuwa suruali. Niliikata mimi, kwa wivu."

Mjomba mmoja akashusha pumzi. Mama akaiondoa leso mdomoni. "Basi imalize. Mkwe wangu hatoki hapa na nyuzi zinaning'inia."

Nabalayo akapiga magoti mbele ya wote, pini mdomoni, akampigia pindo. Kila mguu akautilia kimsalaba kwa ndani. Wa kushoto akautilia viwili.