Jinzi Iliyopiga Magoti

Msasa alikuwa analipwa kuharibu suruali nzima. Ukisikia hivyo utacheka, na mama yake naye alicheka siku ya kwanza alipoelezwa.

"Yaani mtu anataka nguo mpya, halafu anakulipa wewe uichakaze kwanza? Hao watu wana akili timamu?"

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Jinzi ziliingia karakanani zikiwa mbichi, bluu ya kukolea, ngumu hata ukiziegemeza ukutani zinasimama zenyewe. Yeye alizivalisha kwenye miguu ya mpira iliyojazwa upepo, akachukua kipande cha msasa, akasugua mapaja, akasugua magoti, akatia mikunjo nyuma ya goti, akafumua uzi hapa na pale. Zikitoka mikononi mwake ungeapa kuna mtu kazeeka nazo. Ndipo wenzake wakampa hilo jina, na jina lake la nyumbani wakalisahau.

Kipaji chake hasa kilikuwa kusoma. Si vitabu, suruali. Mpe jinzi iliyovaliwa mwaka mmoja atakwambia mwenyewe ni mtu wa namna gani. Mchomeleaji ana vitundu vya cheche mapajani. Karani kaisha makalio, magoti mazima. "Dunia nzima inavaa jinzi," alikuwa akisema, "bosi anavaa, mbeba mizigo anavaa. Ila haichakai mahali pamoja."

Jioni moja, wenzake wakiwa wameshanawa na kuondoka, alibaki anafagia vumbi la bluu. Jua lilikuwa linazama, na mwanga wa dirishani umebaki kidogo. Msimamizi wa karakana, mama mmoja wa maneno makavu, alikuja na mteja nyuma yake.

"Sampuli hiyo," alisema, akimtupia furushi. "Jozi mia mbili kama hiyo. Alama zote zifanane. Yule mzee aliyekuwa anashughulikia kazi za huyu mteja kaacha kazi ghafla, hata kuaga hakuaga. Sasa ni zako."

Mteja alikuwa mtu wa suti, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Na ukimsogelea ulisikia harufu... ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Alichukua jozi moja mbichi kutoka kwenye rundo la Msasa, kama kawaida yake, akaikunja kwapani.

Msasa aliitandaza sampuli mezani na kuanza kuisoma.

Goti la kushoto limeisha kuliko la kulia. Huyu hupiga magoti kutwa, uzito wote kushoto. Paja la kushoto lina weupe wa ukubwa wa kiganja: anajifutia mkono hapo, basi ni wa shoto. Pindo la kulia limelika kisiginoni: anaburuta mguu wa kulia. Mfuko wa nyuma una alama ya duara, alama ya futi ya chuma ya kujiviringisha.

Mikono yake ilisimama.

Kaka yake alikuwa fundi wa vigae. Alikuwa wa shoto. Mguu wake wa kulia ulivunjika utotoni ukaungwa vibaya, na mama yao kila wiki alikuwa akigomba kwa sababu ya mapindo yaliyolika.

Kaka yake walimzika miaka miwili iliyopita.

Alikuwa amekwenda kufanya kazi mbali, akaugua siku tatu. Jeneza lilirudi limeshapigiliwa misumari, na wenye kulileta wakasema ni bora lisifunguliwe. Halikufunguliwa.

Msasa alijipa moyo. Labda ni suruali yake ya zamani, iliuzwa ikazunguka mikononi mwa watu. Nguo hazina mwenyewe. Akageuza mfuko nje aone kitambaa cha ndani.

Mishono mitatu. Uzi wa rangi ya chungwa.

Hiyo ilikuwa alama yake yeye, aliyoitia kwenye kila jozi ya rundo lake kabla ya kuisugua. Kila fundi pale alikuwa na rangi yake, ili jozi mbovu ikirudi ijulikane imepita kwa nani. Na utaratibu huo ulianza mwaka jana tu, kaka yake akiwa na mwaka mzima kaburini.

Suruali hii ilitoka humu humu, ikiwa mbichi. Aliyeichakaza aliivaa baada ya kuzikwa.

"Umeipenda?"

Aligeuka. Mteja alikuwa bado yupo, nyuma yake kabisa. Msimamizi ndiye aliyekuwa ameondoka.

"Anayeivaa... ni nani?" aliuliza Msasa, na sauti yake ikamtoka nyembamba.

"Fundi wangu," alinong'ona mteja. "Mfanyakazi mzuri. Hachoki. Hata maji haombi."

"Ana jina?"

"La nini?" Alitabasamu kidogo. "Kila mtu duniani anataka jinzi iliyoishi, dada yangu. Mwenye gari zuri ndiye anaitaka iliyotoboka zaidi. Lakini msasa unadanganya, na macho yao yanajua. Goti halidanganyi. Mimi nawapa goti la kweli, wewe unaliiga."

Akaondoka. Msasa hakusikia hatua zake kwenye sakafu, ila ile harufu ilibaki mpaka alipofunga mlango.

Nyumbani alimkuta mama amekaa na chakula hajakigusa. Walikuwa wawili tu sasa katika chumba na ukumbi, na kiti cha tatu hakuna aliyethubutu kukitoa.

"Nimemwota tena kaka yako," alisema mama. "Yuko magotini. Namwambia inuka mwanangu, hanisikii. Hivi maiti nayo inachoka, mama?"

Msasa alimsogezea sahani. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wanatania. Angeanzaje kumwambia mama mzazi kwamba mwanawe, aliyemlilia mpaka sauti ikakauka, anatumikishwa ili suruali ipendeze? Alilia chooni, amefungulia bomba. Alipotoka alikuwa ameshaamua. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, alitaka kaka yake apumzike.

Mteja alirudi mwisho wa mwezi kuchukua mzigo wake na jozi nyingine mbichi. Safari hii Msasa alikuwa ameitayarisha mwenyewe na kuiweka juu ya rundo. Ndani ya mfuko, kwenye kitambaa cheupe, aliandika kwa kalamu isiyofutika: Kaka, kazi imeisha. Inuka, ukalale.

Halafu, kwa mazoea ya mikono, akapiga mishono yake mitatu ya rangi ya chungwa chini yake.

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Zikapita wiki tatu. Kisha likatokea jambo: mama aliamka asubuhi moja akiwa anaimba. "Nimemwona kalala," alisema. "Kalala chali, kanyoosha miguu yote miwili. Hata nilimfunika shuka." Siku hiyo alikula vizuri, na kile kiti akakitoa nje akampa jirani. Msasa alifurahi hata akamkumbatia msimamizi kazini, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu karakana ifunguliwe.

Mteja alikuja siku hiyo hiyo, jua likizama. Alifungua furushi lake mezani taratibu.

Jinzi ilikuwa ya bluu tupu. Ngumu. Goti la kushoto zima, la kulia zima, pindo halijagusa ardhi. Haikuwa imevaliwa hata dakika moja.

"Fundi wangu amelala," alinong'ona. Hakuonekana mwenye hasira, na hilo ndilo lililomtisha Msasa zaidi. Akageuza mfuko nje, akaweka kidole juu ya ule uzi. "Kuna mtu kamwambia kazi imeisha. Na mtu mwenyewe ni fundi safi, hata kutia alama hakusahau."

Msasa aliogopa, lakini ndani ya hofu kulikuwa na furaha. Alijivunia. "Alikuwa kaka yangu," alisema.

"Najua. Sasa nafasi iko wazi."

"Mimi sivai. Hata ukinichinja sivai."

"Nani kakuomba wewe?" Mteja alishangaa kweli. "Wewe nakuhitaji mikono. Nani ataniigia?"

Msasa alitupa macho huku na huku. Meza ya msimamizi ilikuwa tupu, na mkoba wake haupo.

"Msimamizi yuko wapi?"

"Nimemtuma," alinong'ona mteja. "Kwenu. Kapeleka zawadi ndogo."

Alikimbia njia nzima. Kandambili moja ilikatika akaiacha. Watu walimpigia kelele, wengine wakamcheka, akapita. Alipofika, mlango ulikuwa wazi kidogo na taa ya chumbani inawaka.

"Mama!"

"Niko huku, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Kitenge chake kilikuwa kimekunjwa vizuri pembeni. Alikuwa amevaa jinzi, yeye ambaye hakuwahi kuvaa suruali tangu azaliwe, na pindo lilimzidi mpaka likafunika nyayo.

"Msimamizi wenu kaja," alisema, na uso wake uling'aa. "Kasema hii ilikuwa ya kaka yako, ilibaki kule kazini kwake. Nikainusa. Ni yeye, mwanangu, ni yeye kabisa! Nikasema niivae kidogo tu, nipate joto lake. Usinicheke."

"Ivue, mama. Ivue sasa hivi."

"Nimejaribu. Hicho kifungo kigumu."

Msasa akajitupa chini mbele yake. Kifungo hakikugeuka. Zipu haikushuka. Alivuta mpaka kucha ikang'oka. Kisha macho yake yakaangukia kwenye magoti, na akasoma, maana hakujua namna ya kuacha kusoma.

Kitambaa kilikuwa cha bluu mbichi, kipya. Ila magotini, pote pawili, kilikuwa kimeshaanza kuwa cheupe.

"Mama... ulikuwa umepiga magoti?"

"Wapi? Nimekaa hapa hapa tangu alipoondoka." Mama alijipapasa. "Ila yananiuma, sijui ni hii baridi."

Msasa alichukua mkasi juu ya kabati. Aliogopa kumjeruhi, basi akaanzia chini kabisa, kwenye lile pindo lililozidi, mahali ambapo palikuwa na nguo tupu na nyayo ziko mbali. Akabana makali.

Mama akashtuka, akamshika bega.

"Taratibu, mwanangu," alisema kwa upole. "Hapo unanikata."

Msasa aliutupa mkasi. Alikaa sakafuni akayakumbatia yale magoti mawili kwa nguvu zake zote, akimwita mama, mama, naye mama akimjibu kila mara kwamba yupo. Yalikuwa ya moto. Na chini ya kitambaa, polepole, aliyasikia yakivuta kwenda chini.