Chumba cha Spika Alimolala Mama Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Nauza mapazia ya mitumba, nina binti mmoja aitwaye Neema, na mpaka mwaka jana nilikuwa na mama na nilikuwa na mume. Leo sina yeyote kati yao... Mama yuko kaburini. Mume yu hai, anakula na kuvaa vizuri, lakini kwangu alikufa wiki ile ile. Tofauti ni kwamba yeye hatukumzika!

Tuliishi mtaa wa Huruma, orofa ya tano, sebule na chumba cha kulala. Ng'ambo ya korido tulikodi chumba kingine kidogo cha kuwekea marobota yangu ya mapazia. Baba Neema akaniomba kona moja tu humo, aweke redio yake. Mnawajua wanaume na kona moja? Haukupita muda marobota yangu yakawa yamehamia chini ya kitanda chetu, na chumba kizima kikawa cha muziki.

Sitamsingizia. Hakuwa mlevi, wala sikuwahi kumshika na mwanamke. Kila mtu ana ulevi wake, na wa kwake ulikuwa sauti. Akitoka ofisini, alivua viatu, akajifungia mle na rumba zake za zamani, na Jumapili nyimbo za kanisani.

Siku ya kuchagua spika mpya nilimsindikiza mjini. Muuzaji alimuuliza chumba kina ukubwa gani. Baba Neema akapanua mikono kuonyesha. Muuzaji akatikisa kichwa, akamshauri achukue ndogo za kuweka juu ya stuli, kwa maana chumba kama kile kikipewa spika kubwa kitavuma tu. Mimi nilizipenda zile ndogo. Mume wangu akacheka mbele ya watu.

"Mama Neema, hizi ni za kumliwazia mtoto alale!"

Akachagua mbili nyeusi, ndefu, za kusimama sakafuni, zinazonifika kifuani. Rafiki yake Wafula, anayekaa mtaa wa Mowlem, ndiye aliyemsaidia kuzipandisha ngazi huku akimsifu: "Buda, hapo umeweza!"

Laiti ngazi zile zingewashinda...

Muuzaji hakuwa amekosea. Sauti ilivuma kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Vikombe vya jirani vilicheza kabatini. Mume wangu akaanza kuzisogeza, kidole huku, kidole kule, wiki nzima, mpaka akapata mahali alipodai zinaimba sawasawa. Akabandika utepe mweupe sakafuni kuzunguka kila moja. Kuanzia hapo ilikuwa haramu kuzigusa! Hata nikifagia, nilipitisha ufagio kando kama ninayezunguka miguu ya wakwe.

Majirani wakalalamika. Keyateka, msimamizi wa jengo, akaja kutuonya: punguzeni kelele au chumba kirudi. Mtu mwenye akili angepunguza, sivyo? Wangu alinunua godoro la sponji, akalikata vipande. Akaziba matundu ya hewa yote, mawili juu ya dirisha na mawili kwenye ukuta ulio nyuma ya spika. Ukuta ule akaufunika kwa zulia kuukuu kutoka darini hadi chini. Mlangoni akapigilia mpira. Ukifunga mlango ule, masikio yalizibwa ghafla, na ukaanza kusikia moyo wako mwenyewe.

"Baba Neema, chumba hiki hakipumui," nilimwambia.

"Kwani nyumba ina mapafu?" akanijibu.

Siku moja niliingia kumwita ale, nikamkuta amesinzia kitini, jasho linamtoka, kichwa kinamgonga. Akasema ni uchovu wa kazi. Nilifungua mlango nikauacha wazi, naye akaamka akaufunga.

Kisha Mama akaja kutoka nyumbani, magharibi ya nchi, kufanyiwa upasuaji wa macho.

Wenzangu wa kwetu mnajua mila yetu. Mama mkwe halali nyumbani mwa mkwewe. Hata kumpa mkono hampi! Mama alishika mila hiyo kwa mikono miwili, mjini au kijijini. Tungemlaza wapi? Tukakubaliana kwamba mlango tofauti ni nyumba tofauti, basi atalala chumba cha ng'ambo ya korido. Baba Neema alikubali bila ubishi, akabeba kitanda mwenyewe. Nilimpenda sana siku hiyo, kumbe!

Nilitaka spika zitolewe. Akanisihi. Sebuleni marobota yamejaa, zitakaa wapi? Na zikishasogezwa, ile sauti hataipata tena. Wiki moja tu, mama akipona anarudi nyumbani. Nikakubali. Kitanda tukakibana mbele ya spika, na Mama alipoingia, macho yake bado na ukungu, alizipapasa kutoka juu hadi chini.

"Nekesa, hawa wageni wako wawili wataketi lini?"

Tulicheka mpaka machozi. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka chumbani humo.

Upasuaji ulifaulu. Bandeji ilipotolewa, Mama alimtazama Neema muda mrefu, akasema kumbe mtoto huyu ana alama shavuni kama ya marehemu baba yangu. Miaka yote hakuwa ameiona! Alikuwa anashika uso wa mjukuu wake na kuugeuza, hamalizi. Alisema akifika nyumbani atahesabu kuku wake upya, maana watu wamekuwa wakimwibia mchana kweupe.

Ilikuwa Julai. Mnajua baridi ya Julai, na orofa ya tano upepo hauna huruma. Mama alitetemeka hata chini ya blanketi mbili. Aliniomba jiko la makaa kama alivyozoea nyumbani. Nikakataa. Nilikumbuka matundu yale! Nikamwendea mume wangu.

"Baba Neema, ile sponji umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Yote?"

"Yote, Mama Neema. Zulia nimerudishia tu, hilo linapitisha hewa. Kwani unaniona mimi ni mjinga nimuue mama ya watu?"

Nikaenda kutazama. Juu ya dirisha matundu yalikuwa wazi kweli, nikaona mwanga. Ya nyuma ya spika yalikuwa chini ya zulia, na kulifikia ilibidi spika zisogezwe kutoka kwenye utepe wake. Nikaona, mume amesema yote... Miaka kumi na minne ya ndoa, nitampekua kama polisi?

Jioni ile nilibeba jiko mwenyewe, limeshika vizuri, nikaliweka karibu na mlango. Nilimwambia Mama asifunge dirisha. Lakini mtu anayesikia baridi hufanya nini? Akalifunga, akavuta na pazia. Pazia zito, kutoka kwenye robota langu, lililofunika hata matundu ya juu.

Asubuhi nilimpelekea uji. Niligonga, nikaita, kimya. Nikasukuma mlango. Mama alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani, mkono mmoja umeshika kona ya blanketi kama anayetaka kuinuka. Jiko lilikuwa majivu. Bakuli liliniponyoka... Nililia mpaka korido nzima ikajaa watu!

Majirani wakanong'ona: ni jiko. Na mimi, ndugu wasomaji, nilifanya nini? Niliwageukia kwa hasira! Niliwaambia hewa ilikuwa inapita, mume wangu alitoa sponji yote, mama yangu amechukuliwa na Mungu wake. Kaka zangu walipopiga simu wakiuliza kwa ukali, nilimtetea mume wangu kwa kila mmoja wao. Naye alikuwa ameketi pale pale kando yangu, ananisikia nikimtetea. Alinishika bega. Alilia pia!

Siku ya kusafirisha mwili ilipofika, akasema spika zake lazima ziende. Mama hawezi kuimbiwa kwa spika mbovu za kukodisha zinazopiga kelele matangani. Ataimbiwa nyimbo zake kwa sauti safi. Watu wakasema, huyo ndiye mkwe! Nami nikafuta machozi, nikamshukuru.

Alimwita Wafula aje wazibebe. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika shuka za Mama. Walipoinua spika ya kwanza, ncha ya mguu wake ikanasa kwenye zulia. Zulia likang'oka darini, likashuka lote kwa vumbi.

Nyuma yake matundu mawili yalikuwa yamejaa sponji pomoni, yamebandikwa utepe mweupe, ule ule wa sakafuni. Hakuna kidole kilichokuwa kimeyagusa.

Wafula akaweka spika chini polepole. "Buda... hizi si ulisema ulitoa?"

Mume wangu alinitazama mimi. Maneno aliyoyasema ndiyo haya, nayasikia hata ninapoandika:

"Ningezisogeza, sauti ingeharibika. Nilijua ni wiki moja tu."

Nilipanda kitandani alipofia Mama, nikanyoosha mkono, nikaivuta ile sponji kwa kucha, kipande kwa kipande. Kisha nikamwambia asithubutu kuweka mguu kwenye mazishi.

Kwetu, mkwe asipofika kaburini ni aibu kubwa. Wazee walipouliza mkwe yuko wapi, nilisimama mbele ya watu wote nikasema ukweli, pamoja na jiko nililolibeba kwa mikono yangu. Kaka yangu mkubwa aliinama, akalia kama mtoto.

Sasa naishi na Neema mtaa mwingine. Juzi baba yake alinitumia ujumbe kwamba ameziuza zile spika, kwa hiyo nirudi. Nirudi! Anadhani nilikuwa na vita na spika? Mbao na nyaya zilinikosea nini? Aliyenikosea ana mdomo, na kwa mdomo huo alisema "yote".

Wasomaji wenzangu, nawasihi kwa machozi. Jiko la makaa lisilale na mtu chumbani, hata baridi iume vipi. Matundu ya hewa hayazibwi kwa sababu ya muziki, panya wala mbu. Ukinunua kitu, nunua kinachotosha nyumba yako, maana kikikuzidi kitaanza kuwafukuza wenye nyumba. Na mtu akikuambia "nimeshafanya", hata kama ni yule mnayelala kitanda kimoja, sogeza vitu, panda juu, tia mkono wako mwenyewe. Akinuna, anune. Atanuna siku mbili. Mimi namlilia Mama kila siku, na yale macho yake mapya hayakumaliza hata mwezi yakimtazama mjukuu.